Sanaa haiponyi kwa kumwaga machozi, inaponya kwa kuhesabu mizani

Kila likitokea balaa, iwe mafuriko, iwe vita, iwe msiba wa nchi nzima, haipiti wiki lazima utaona mtu kaandika "sanaa ni tiba", watu wanagonga laiki, na mimi siwezi kumpinga maana najua sio uongo. Ila muulize sasa inatibu vipi. Atakwambia inakusaidia kutoa ya moyoni, utoe, usikae nayo, yakibaki ndani yatakuua. Na hapo ndo tunapoachana mimi na yeye.

Hii habari ya kutoa ya moyoni imekuwa kama dini siku hizi. Watu wa mradi wanaingia kambini na maboksi ya kalamu za rangi, watoto wanakalishwa chini, wanaambiwa haya chora kilichokupata, mtoto anachora nyumba inaungua na mtu kashika bunduki, picha inapigwa, inaingia kwenye ripoti, siku ya pili gari linaondoka. Mtoto kabaki na nini? Kabaki na kile kile alichokuwa nacho, tofauti yake ni kwamba sasa kakiona mara mbili. Wengi wa wanaofanya hivi wana nia njema kabisa, sina ugomvi na nia yao, nasema tu kwamba hili panga wamelishikia kwenye makali.

Mi naona hivi: kinachomshikilia mtu wakati wa dhiki sio yale maumivu anayoyamimina kwenye sanaa, ni kanuni za sanaa yenyewe, ule ugumu wake, kule kukataa kwake kukubali mpaka uifanye sawasawa.

Mfano mzuri kuliko yote tunao sisi wenyewe wa Kiswahili, ila tukiuhadithia huwa tunauhadithia kama habari ya siasa tu. Desemba 1968 kijana wa Mombasa anaitwa Abdilatif Abdalla, umri miaka 22, alikamatwa kwa sababu ya waraka alioandika kuihoji serikali, "Kenya: Twendapi?", akala kifungo cha miaka mitatu, na sehemu kubwa ya kifungo hicho alikaa chumba cha peke yake. Ruhusa ya kuandika hana. Akaandika mashairi kwenye karatasi za chooni, yakatolewa gerezani kwa siri, akatoka 1972, mwaka uliofuata yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 kitabu kikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, yaani jina la rais yule yule ambaye serikali yake ndo ilimfunga. Cheka kwanza, tutaendelea.

Sasa mtu akisikia mashairi ya karatasi ya chooni anategemea akute kilio kitupu, mtu kabanwa anapiga kelele. Kifungue hicho kitabu uone. Kuna uchungu, kuna hasira, ila vyote vimekaa ndani ya mizani na vina kama kawaida ya shairi letu, mshororo una mizani 16, yaani silabi 16, nane huku nane kule, kina cha kati na kina cha mwisho, ubeti kwa ubeti, kwa Kimvita kilichokomaa, Kiswahili cha Mombasa. Mtu ambaye hana hata karatasi ya maana, ambaye angeandika vyovyote na hakuna ambaye angemlaumu, anajibana mwenyewe kwa sheria nyingine juu ya zile za gereza.

Kwanini? Ninavyomsoma mimi, ndo hapo penyewe. Ukiwa selo mwenye kuamua unakula saa ngapi sio wewe, unatoka nje dakika ngapi sio wewe, leo na jana na kesho vinafanana, hakuna hata kitu kimoja kwenye siku yako ambacho ukikifanya vizuri kinakuwa kizuri. Alafu una mshororo una mizani 15 unatakiwa uwe na 16. Hiyo mizani moja ni ya kwako, hakuna askari wa kukutafutia wala wa kukunyima, unaihesabu kwa vidole hata gizani, unaligeuza neno, unalitoa, unaleta lenye silabi tatu badala ya mbili, linakaa kwa mizani lakini limeharibu kina, unarudi tena mwanzo. Ikija kukaa, imekaa. Umefanikiwa jambo. Na usiku mmoja umekatika, na kwa mfungwa usiku kukatika sio jambo dogo.

Vina vinafanya na kazi nyingine ambayo watu wa kalamu za rangi hawaijui: vinatunza. Karatasi ya chooni inaloa, inachanika, inakamatwa kwenye msako. Shairi lenye vina unalo kichwani, neno likidondoka lile lililobaki linakukumbusha lililopotea. Maumivu uliyoyamwaga tu hayana mfumo wa kuyashika, yanamwagika kweli.

Alafu angalia hili pia. Moja ya mashairi marefu mle ndani ni majibizano ya ndugu wawili wanagombea mnazi, huyu anasema lake na yule anajibu, huyu anaruka na yule anamrudisha. Mtu amefungiwa peke yake, hana wa kuongea naye, kakaa chini katunga ugomvi wa watu wawili! Umbo la malumbano, ambalo washairi wa pwani wanalo tangu enzi na enzi, likamletea watu chumbani. Ungempa huyu mtu karatasi nyeupe ukamwambia andika unavyojisikia, angeandika nini zaidi ya upweke?

Na sio yeye wa kwanza. Mshairi Mwana Kupona wa kule kaskazini mwa Lamu, mwaka 1858, anaugua, anamwita binti yake asogee na wino na karatasi, anamwambia maradhi yamemshika mwaka mzima. Mwaka mzima mgonjwa na ndo anaanza utendi wa beti zaidi ya mia, mishororo minne minne ya mizani nane, vina vitatu vinafanana na cha nne kinarudi kile kile mpaka mwisho wa utendi. Miaka michache baadae akafariki. Habari ya ugonjwa wenyewe haichukui nafasi kubwa mle ndani, sehemu kubwa anamuusia mwanawe jinsi ya kuishi na kumwomba Mungu. Unaweza usikubaliane na yale mawaidha kwa wake (mi mengine yananishinda), lakini mtu anayesema maradhi ndo yanamtawala mgonjwa kitandani aje anieleze zile beti mia.

Wazee wetu wala hawakuhitaji nadharia kwa hili. Msibani hakuna aliyekuwa anamwambia mfiwa haya jieleze. Kulikuwa na mbolezi, nyimbo za msiba, kuna mwenye kuanzisha na kuna wa kuitikia, maneno yapo, sauti ipo, wewe uliyevurugikiwa unaingia tu kwenye kiitikio, hutakiwi kubuni chochote siku ambayo akili yako haiwezi kubuni chochote. Na ukikaa na wanawake wanaosuka ukili wa mikeka utaona kitu hicho hicho, miyaa ina idadi yake na mpangilio wake, ukikosea mmoja mstari wote unapinda na inabidi ufumue, kwa hiyo mwenye mawazo yake anakaa pale mikono inafanya kazi, akili imeshikwa nusu, na ile nusu iliyobaki ndo inaweza kuongea. Nimeona mjane ambaye hakuna aliyepata neno kwake akaja kuongea akiwa kwenye ukili, na hakuwa anamwangalia mtu usoni, alikuwa anaangalia miyaa.

Sasa kuna ushahidi wa mbali kidogo ambao mi naona ndo mzito zaidi. Vita Kuu ya Pili, Terezín, mji wa Czechoslovakia ambao Wanazi waliugeuza gheto la Wayahudi, mahali pa kuwakusanya kabla ya kuwapeleka kuuawa. Desemba 1942 akaletwa pale Friedl Dicker-Brandeis, mchoraji aliyesomea chuo cha sanaa cha Bauhaus kule Ujerumani. Akaanza kufundisha watoto kuchora, kwa siri, kwenye mabweni yao, kwa karatasi zozote zilizopatikana, nyingine zimeandikwa upande mmoja.

Swali ni aliwafundisha nini. Kama kuna watoto duniani ambao walikuwa na haki ya kuambiwa "chora kilichokupata" ni hawa. Yeye akawapa mazoezi. Mazoezi ya mistari na mdundo kama aliyopewa yeye na mwalimu wake Johannes Itten kule Bauhaus, kupanga vipande vya karatasi, kuchora kitu kilichopo mbele yako, maua, vyombo, kunakili michoro ya wakubwa. Kwahiyo kwenye michoro ile unakuta vipepeo, bustani, meza ya nyumbani, treni pia zipo, askari wapo, vitanda vya bweni vipo, waliotaka kuyachora hayo waliyachora, lakini somo halikuwa hayo, somo lilikuwa kuangalia na kuchora. Na akawataka watie majina yao kwenye kazi zao. Mahali ambapo mtu anageuzwa namba, mtoto anaandika jina lake chini ya ua alilolichora mwenyewe.

Oktoba 1944 akapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, akauawa. Kabla ya hapo michoro ilishafichwa kwenye masanduku mawili, karibu michoro 4,500, iko Prague mpaka leo kwenye Jumba la Makumbusho la Kiyahudi. Watoto wengi walioichora waliuawa.

Hapa lazima tuwe wakweli maana ndo sehemu ambayo watu wa "sanaa ni tiba" wanaipita mbio. Somo la kuchora halikumwokoa yule mwalimu, halikuwaokoa wale watoto, halikusimamisha treni hata moja. Ukisema sanaa inashinda kila kitu unawatukana. Ilichofanya ni kwamba kwa masaa yale ya somo mtoto alikuwa mwanafunzi, ana kitu cha kujifunza, ana kesho ya kuja kukifanya vizuri zaidi kuliko leo. Mi ndo ninavyoielewa tumaini, sio kuamini kwamba mambo yatakuwa mazuri, ni kuwa na kazi ambayo haijaisha.

Najua mtu atakuja na utafiti. Sawa, tuulete. Mwaka 1986 mwanasaikolojia Mmarekani James Pennebaker na mwenzake walichukua wanafunzi wa chuo, kundi moja likaandika kuhusu jambo lililowaumiza sana maishani, dakika 15 kwa siku, siku nne, na miezi iliyofuata wale walioandika yaliyotokea pamoja na walivyojisikia walienda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Hii ndo inayonukuliwa kila mahali kwamba andika utoe upone. Ila kazi ya Pennebaker haikuishia pale, baadae alirudi kuangalia maneno yenyewe, akakuta waliofaidika zaidi ni wale ambao maandishi yao yalikuwa yanabadilika siku hadi siku, yanaongeza maneno ya "kwa sababu", "sasa naelewa", yaani walikuwa wanaijenga hadithi. Kumwaga peke yake hakukutosha, hata kwenye utafiti wa mwenye kumwaga.

Kuna mwingine wa 2016 kule Philadelphia, Girija Kaimal na wenzake, watu wazima 39, wamepewa udongo, kalamu na karatasi za kukata, dakika 45, na asilimia kama 75 ya watu hao kotisoli yao, ile homoni ya stresi, ilishuka. Na haikujali kama mtu ana uzoefu wa sanaa au hana. Huu unanigonga kidogo nakubali, maana unaonyesha hata asiyejua chochote anapata nafuu. Ila ni nafuu ya dakika 45 kwa watu ambao walikuja wenyewe, na siwezi kuilinganisha na mtu aliyezika watoto. Stresi na msiba ni vitu viwili. Stresi utaishusha na kalamu za rangi mchana mmoja, msiba unataka ratiba.

Na mwenye sonona ya kweli, anayewaza kujiua, huyo apelekwe hospitali, shairi litamsubiri.

Twende Rwanda. Mwaka 1994, ndani ya siku kama mia, watu wanaokadiriwa laki nane na zaidi waliuawa, wengi kwa mikono ya majirani. Miaka kumi baadae, 2004, mtunzi wa tamthilia Odile Gakire Katese akaanzisha kundi la ngoma mjini Butare, sasa hivi panaitwa Huye, kundi linaitwa Ingoma Nshya, Ngoma Mpya. La wanawake watupu. Kwa mila ya pale ngoma zile zilikuwa za wanaume, za jumba la mfalme, mwanamke alikuwa haruhusiwi kupiga, na wengine watakwambia hata kuzigusa. Ndani ya kundi kuna wajane wa mauaji, kuna yatima, na kuna wanawake ambao waume zao ndo walioshiriki kuua.

Wakae pamoja vipi hao? Ukiwaweka kwenye duara la viti vya plastiki ukasema haya kila mmoja atoe ya moyoni, kinachotoka moyoni pale kinaweza kubomoa jengo. Ngoma ina ujanja mwingine. Ukipiga nje ya mdundo wanasikia wote, papo hapo, kwahiyo ni lazima umsikilize aliye kulia kwako na aliye kushoto kwako, hata kama jina lake linakukosesha usingizi, hutakiwi kumpenda, hutakiwi kumsamehe leo, unatakiwa tu usimwache nyuma kwenye mapigo. Na keshokutwa mazoezi tena. Kusamehe ni jambo ambalo huwezi kumpangia mtu tarehe, mazoezi unaweza. Na kwa sababu wote walikuwa wageni wa ngoma, hakuna mjuzi kutoka upande huu wala upande ule, wote walianza wakiwa wabovu sawa. Hili mi naliona lina uzito kuliko watu wanavyolipa, ile mila ya kuwakataza ndo iliyowapa pa kuanzia palipo sawa.

Sehemu ambayo naipenda zaidi kwenye habari ya Huye wala sio ngoma, ni aiskrimu. Mwaka 2010 wanawake hao walifungua duka la aiskrimu, Inzozi Nziza, Ndoto Tamu, kwa msaada wa wafanyabiashara wawili wa aiskrimu kutoka Brooklyn. Aiskrimu! Kwenye mji ambao wakazi wengi walikuwa hawajawahi kuionja. Ila ukikaa chini unaona akili ya yule mama Katese, ngoma inamrudisha mtu kwenye watu, haimlipii mtoto ada. Mtu aliyepata nafuu ya roho jioni anarudi nyumbani hakuna unga, ile nafuu itafika asubuhi? Kwahiyo wakatafuta biashara, wakajifunza mashine, mauzo, faida na hasara, mambo ambayo nayo yana kanuni na yanakataa ukiyafanya ovyo.

Kuna wimbo mmoja unaimbwa sana kwenye habari za wasanii, kwamba shida ndo inazaa sanaa kubwa, kwahiyo mtu akiteseka tumwache, kesho atatuletea kazi nzito. Upuuzi. Mchoraji Van Gogh alichora picha kama 150 ndani ya mwaka mmoja akiwa hospitali ya wagonjwa wa akili Saint-Rémy, 1889 mpaka 1890, watu wanaishia hapo hapo kwenye "hospitali ya wagonjwa wa akili" wanaona wamepata jibu. Ugonjwa ulipompanda, mara nyingi hata brashi hakuweza kushika, alichora akipata ahueni. Kilichozaa zile picha ni miaka ya kujifunza kuchora na kaka mdogo, Theo, aliyekuwa anamtumia hela na rangi. Gereza halikumfundisha Abdilatif kutunga, alikulia kwenye mji wa washairi na kwenye familia yenye washairi, aliingia selo na mizani tayari kichwani. Angeingia bila hiyo zile karatasi za chooni zingebaki karatasi za chooni.

Na hapo ndo ninapotaka kuwafikia wenye bajeti. Dhiki ikishafika muda wa kujifunza umeshapungua, sanaa ya kumshika mtu inatakiwa iwe imeshafundishwa kabla, shuleni, mtaani, madrasa, kanisani, sasa sisi kwenye shule nyingi kipindi cha sanaa ndo cha kwanza kupokonywa mitihani ikikaribia. Alafu mafuriko yakija tunatafuta mtaalam wa tiba ya sanaa aje kwa ndege.

Kwahiyo akija mtu na mradi wake wa kuponya watu kwa sanaa mi sitamuuliza malengo. Nitamuuliza mwalimu ni nani na atakaa hapa miaka mingapi, ngoma na cherehani na brashi zikishanunuliwa zinabaki kwa nani, na kuna kitu gani kigumu hawa watu watakuwa wanakiweza mwaka ujao ambacho leo hawakiwezi. Akisema ni wokshopu ya siku mbili na cheti, basi hiyo hela ampelekee mwalimu wa kwaya yoyote ya mtaani, yule anayewaita watu Jumanne na Alhamisi jioni, kuna mfiwa humo ndani, kuna aliyeachwa, kuna aliyefukuzwa kazi, yeye hana habari, kashika fimbo yake anawaambia besi mmeshuka, rudieni kuanzia mstari wa pili.